KITI AMBACHO BABA ALIMTAFUTIA MWANAWE

Nakusalimu wewe unayesoma ukiwa kwenye matatu, wewe uliye kazini, na wewe mama uliyemaliza kuosha vyombo na watoto wamelala. Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo. Jimwagie chai, keti, tutembee pamoja.

Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili, wazee wa kanisa waliniita kando. Walianza kwa heshima, wakanishukuru kwa miaka ya utumishi, halafu mmoja akauliza: "Mchungaji, nywele zimekuwa nyeupe. Siku utakapochoka, kiti hiki utamwachia nani?" Kabla sijafungua kinywa, wote waligeuka kumtazama kifungua mimba wangu. Alikuwa kule mbele akikunja nyaya za maikrofoni. Alipotuona tunamtazama, aliinamisha kichwa, akaendelea kukunja.

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Usiku sikulala vizuri. Nikakumbuka habari ya mzee mmoja niliyoisoma miaka mingi iliyopita, mtu mkubwa wa Uingereza aliyeishi karibu miaka 500 iliyopita. Jina lake John Dudley. Naye alimtafutia mwanawe kiti. Nataka nikusimulie habari yake na ya nyumba yake yote, kisha tutarudi kwa lile swali la wazee.

1. MTOTO WA MTU ALIYEUAWA

Ili umjue John, anza na baba yake, Edmund Dudley. Edmund alikuwa mwanasheria hodari aliyemtumikia Mfalme Henry wa Saba. Kazi yake ilikuwa kumkusanyia mfalme pesa. Yeye na mwenzake Richard Empson waliwatoza watu faini, wakawatisha matajiri na wakubwa wa nchi, wakawafunga kwa hati za kuahidi kulipa fedha nyingi. Hazina ya mfalme ikajaa, na wananchi wakawachukia hao watu wawili kupita kiasi.

Mwezi wa Aprili mwaka 1509, mfalme akafa. Mwanawe, Henry wa Nane, akatwaa ufalme akiwa bado hajatimiza miaka 18. Kijana alitaka kupendwa na watu. Sasa utawafurahishaje watu haraka? Uliwatafute wale wanaowachukia. Siku chache tu baada ya mfalme mzee kufa, Edmund Dudley alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini. Tarehe 17 Agosti 1510 alikatwa kichwa pale Tower Hill, kilima kidogo nje ya ngome ya Mnara wa London.

Mwanawe John alikuwa na umri wa miaka kama 6.

Mpendwa, nataka ukishike kitu hicho, kwa sababu ndicho ufunguo wa habari hii yote. Mtoto wa miaka 6 alijifunza jambo moja ambalo hakulisahau: mfalme akifa, mtumishi wake anaweza kufa naye. Zaidi ya miaka 40 baadaye, John akiwa mtu mkubwa, alimwandikia barua mwenzake serikalini, akamtaja baba yake maskini aliyeuawa kwa kutimiza tu amri za bwana wake, baada ya bwana huyo kuondoka. Miaka 40! Kidonda kilikuwa bado kibichi.

2. MUNGU ALIMPA MLANGO

Mali ya mhaini ilichukuliwa na mfalme, na watoto wake walipoteza haki ya kurithi. Lakini mtoto huyu alipata mlezi mwema, Sir Edward Guildford, aliyemchukua nyumbani kwake. Mwaka 1512 Bunge lilifuta ile hukumu juu ya jina la familia, na John akaweza kurithi tena.

Alikua katika nyumba hiyo pamoja na binti wa mlezi wake, aitwaye Jane. Walipokuwa watu wazima wakaoana. Na hapa niseme ukweli: ilikuwa ndoa ya upendo. Walizaa watoto 13, wavulana 8 na wasichana 5. Kwa vile nyakati zile magonjwa yalikuwa mengi, kadhaa walikufa wakiwa wadogo. Mmoja wa wavulana walimpa jina la ukoo wa mama yake, Guildford. Kumbuka jina hilo.

John alikuwa askari shujaa. Mwaka 1523 alipewa heshima ya Sir vitani Ufaransa. Mwaka 1543 akawa mkuu wa jeshi la majini. Ni yeye aliyeongoza meli za Uingereza mwaka 1545, wakati Wafaransa walipokuja na merikebu zao kusini mwa nchi, na meli kubwa ya mfalme iitwayo Mary Rose ikazama mbele ya macho ya watu, mamia wakafa maji. Mwaka uliotangulia alikuwa amempoteza mwanawe mkubwa, Henry, katika vita vya Boulogne. Huyu hakuwa mtu wa kuketi nyuma na kutuma watoto wa wengine.

Mwaka 1547 Henry wa Nane alikufa. Mrithi wake Edward wa Sita alikuwa mtoto wa miaka 9. Nchi ikaongozwa na mjomba wa mtoto, Edward Seymour, Duke wa Somerset. John naye akapewa cheo cha Earl wa Warwick.

Mwaka 1549 wakulima wa upande wa Norfolk waliasi wakiongozwa na Robert Kett. Kilio chao kikubwa kilikuwa ardhi: matajiri walikuwa wakizungushia ua malisho ya wote. John alitumwa na jeshi, akawashinda mwezi Agosti, na waasi wengi wakauawa. Inasimuliwa kwamba baada ya ushindi mabwana wa eneo lile walitaka damu zaidi, naye akawauliza kama wako tayari kushika majembe na kulima mashamba yao wenyewe. Swali zuri, ingawa lilikuja baada ya watu wengi kulala makaburini.

Akiwa amerudi na jeshi na sifa, yeye na wenzake wa Baraza walimwangusha Somerset. Kuanzia mwaka 1550 John ndiye aliyeongoza Baraza la mfalme. Wakajaribu kupatana: tarehe 3 Juni 1550, mwana wa Dudley aitwaye John, kama baba, alimwoa Anne, binti wa Somerset. Kesho yake mwana mwingine, Robert, alimwoa msichana aitwaye Amy Robsart. Mfalme mtoto alihudhuria. Kulikuwa na karamu na michezo.

Lakini amani ile haikudumu hata miaka miwili. Mwezi Oktoba 1551 Dudley akawa Duke wa Northumberland, cheo cha juu kabisa chini ya ufalme. Januari 1552 Somerset alikatwa kichwa. Fikiria meza ya chakula katika nyumba ile. Binti anampakulia chakula baba mkwe wake, na baba mkwe ndiye aliyemwondoa baba yake mzazi.

3. MANENO MAWILI

Nisimwonee mzee huyu. Alifanya mema pia. Alimaliza vita vilivyokuwa vinakausha nchi. Alianza kurekebisha sarafu iliyokuwa imeharibiwa thamani. Alilipa Baraza nidhamu, na alimfundisha mfalme kijana kazi ya kutawala. Katika barua zake za mwisho wa mwaka 1552 analia kwamba amechoka, ni mgonjwa, anatamani kupumzika. Kama angepumzika, ningekuwa sina habari ya kukuletea leo.

Mapema mwaka 1553 mfalme kijana aliugua kifua. Hakupona. Kwa sheria na kwa wosia wa baba yake, akifa bila mtoto, kiti kingekwenda kwa dada yake Mary. Mary alikuwa Mkatoliki, na Edward alikuwa Mprotestanti wa moyo wote. Edward hakumtaka Mary arithi, wala dada yake wa pili Elizabeth. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe karatasi ya kupanga urithi.

Karatasi hiyo ipo mpaka leo. Mwanzoni iliandikwa kwamba kiti kiende kwa wana wa kiume watakaozaliwa na Jane Grey, jamaa yake mfalme. Lakini wana hao hawakuwapo bado. Kifo kilipokaribia, maneno mawili madogo yaliongezwa juu ya mstari, na maana ikageuka: kiti kiende kwa Jane mwenyewe, kisha kwa wanawe wa kiume.

Na Jane alikuwa nani? Mwezi wa Mei mwaka huohuo, katika harusi kubwa jijini London, Jane Grey alikuwa ameozwa kwa Guildford Dudley. Ndiyo, yule mvulana aliyepewa jina la ukoo wa mama yake. Siku hiyohiyo binti mmoja wa Dudley naye aliolewa, na mdogo wake Jane pia. Wanahistoria wanabishana mpaka leo ni nani aliyeanzisha mpango, mfalme au Duke. Lakini hakuna anayebisha kwamba mpango ulipokamilika, mke wa mwana wa Dudley ndiye aliyekuwa malkia mtarajiwa, na mjukuu wa Dudley angekuwa mfalme wa Uingereza.

Mpendwa, wengi wanaposimulia habari hii wanasema John Dudley alikuwa mlafi wa madaraka. Labda. Lakini mimi nikimtazama naona pia yule mtoto wa miaka 6. Mfalme wake anakufa, kama mfalme wa baba yake alivyokufa. Malkia anayekuja hampendi. Anajua maadui zake watakuja. Anawatazama watoto wake, anatafuta paa la kuwafunika, na paa pekee analoliona limetengenezwa kwa taji. Hofu ilivaa nguo za maono. Je, hujawahi kuiona hofu imevaa hivyo?

4. SIKU TISA

Edward alikufa tarehe 6 Julai 1553, akiwa na miaka 15. Jane alipoambiwa kwamba yeye sasa ni malkia, alilia. Tarehe 10 Julai alipelekwa kwenye ngome ya Mnara wa London, akatangazwa. Hakuwa amefika miaka 20. Alikuwa msichana aliyependa vitabu kuliko karamu, na hakuna aliyemuuliza kama anakitaka kile kiti.

Guildford naye akataka aitwe mfalme. Jane akakataa, akasema atamfanya duke, si mfalme. Mama mkwe akakasirika sana. Ndoa ya wiki chache, tayari watu wazima wamewagombanisha watoto juu ya kofia ya dhahabu.

Wakati huo Mary alikuwa ameshatoroka kwenda mashariki mwa nchi, na watu walikuwa wakimiminika kwake. Robert Dudley alitumwa na askari wa farasi kumkamata, akamkosa. Ndipo Duke mwenyewe akatoka London na jeshi tarehe 14 Julai. Watu walijaa barabarani kuwatazama. Dudley akamwambia aliyepanda farasi kando yake kwamba umati ni mkubwa, lakini hakuna hata mmoja anayewatakia baraka.

Hebu soma sentensi hiyo tena. Umati upo, baraka haipo. Unaweza kuwa na wafuasi wengi, na picha zako zikapendwa na maelfu, na bado usiwe na mtu mmoja wa kukuambia "nenda na Mungu".

Tarehe 19 Julai, wale wazee wa Baraza aliowaacha London walibadilika, wakamtangaza Mary. Kengele zikapigwa, watu wakawasha mioto ya shangwe. Kesho yake, akiwa Cambridge, Duke alisimama sokoni akamtangaza Mary yeye mwenyewe, akarusha kofia yake juu kama mtu mwenye furaha. Jane alikuwa malkia siku tisa. Ngome ile aliyoingia kama malkia ikawa gereza lake, na hakutoka tena akiwa huru.

5. MBWA HAI NA SIMBA MFU

Dudley alirudishwa London akiwa mfungwa, watu wakimzomea njiani. Alihukumiwa kufa tarehe 18 Agosti. Wanawe watano walikuwa wamefungwa mle ngomeni: John, Ambrose, Robert, Guildford na Henry.

Usiku wake wa mwisho alimwandikia barua Earl wa Arundel, akaomba aachiwe uhai tu. Akautaja ule usemi wa Mhubiri 9:4 kuhusu mbwa aliye hai na simba aliyekufa. Alikuwa tayari kuwa mbwa, ilmradi aishi. Siku moja kabla ya kifo alihudhuria misa mbele ya watu, akasema amerudi katika imani ya zamani, na kwamba mafundisho aliyoyalinda miaka yote yamempotosha.

Hapa naomba tusielewane vibaya. Nina jirani Wakatoliki wanaomcha Mungu kuniliko mimi, na sizungumzii dhehebu. Kama mtu amebadilika moyoni, hiyo ni kati yake na Mungu wake. Lakini Jane, yule msichana aliyewekwa kwenye kiti kwa jina la imani hiyo, alisikia habari hiyo akiwa kifungoni, akahuzunika na kukasirika. Mzee alikuwa amewaambia watoto kwamba jambo hili ni la Mungu. Watoto wakaamini. Gharama ilipokuja, mzee akaliacha, watoto wakabaki nalo.

Tarehe 22 Agosti 1553, John Dudley alikatwa kichwa pale Tower Hill, mahali palepale baba yake alipouawa miaka 43 kabla.

Tarehe 12 Februari 1554, baada ya uasi mwingine ambao baba yake Jane alijiunga nao, zamu ya vijana ilifika. Guildford aliomba kumwona mkewe mara ya mwisho. Jane akajibu kwamba ni afadhali wangoje, kwa kuwa watakutana karibuni mahali pema zaidi. Guildford alipelekwa Tower Hill asubuhi. Babu, baba na mwana, kilima kimoja. Jane aliuona mwili ukirudishwa kwenye mkokoteni, kisha naye akatoka kwenda kufa ndani ya ngome, akiomba, bila kuikana imani yake.

Ndugu waliobaki kifungoni walichonga ukutani alama ya familia yao, dubu na gogo lenye vifundo, na kuizunguka wakachonga maua na majani, kila aina ikimwakilisha ndugu mmoja. Maua ya waridi kwa Ambrose, majani ya mwaloni kwa Robert, na kadhalika. Ukienda London leo utaoneshwa mchoro huo. Wana wa mtu aliyetafuta kiti cha ufalme waliacha majina yao kwenye ukuta wa gereza.

6. MAMA NA MABINTI

Sasa twende kwa mama. Jane Dudley, mjane, hakuwa na mali wala jina. Alikwenda kumlilia Malkia Mary, akarudishwa njiani. Hakuacha. Malkia alipoolewa na Philip wa Uhispania mwaka 1554, mama huyu alijenga urafiki na Wahispania waliokuja na bwana harusi, akawaomba wamsemee wanawe. Mwishoni mwa mwaka huo wakafunguliwa. John, yule mkubwa, alikufa siku chache tu baada ya kutoka. Mama naye alikufa Januari 1555. Katika wosia wake aliwakumbuka wale Wahispania kwa shukrani, na mmoja wao, Duchess wa Alba, alimwachia kasuku wake. Alikuwa amebakiwa na vichache, lakini alishukuru kwa kile alichokuwa nacho.

Henry mdogo aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1557. Wakabaki Ambrose na Robert.

Mwaka 1558 Elizabeth akawa malkia, na Robert akawa kipenzi chake. Akapewa farasi wa malkia kuwasimamia, kisha mwaka 1564 akawa Earl wa Leicester. Watu walidhani atamwoa malkia. Lakini mwaka 1560 mkewe Amy alikutwa amekufa chini ya ngazi, shingo imevunjika. Wachunguzi walisema ni ajali, lakini minong'ono haikuisha, na ndoa na malkia ikawa haiwezekani. Mwaka 1578 akamwoa Lettice Knollys. Wakapata mvulana mmoja, wakampenda mno, akafa mwaka 1584 akiwa na miaka 3. Kaburi lake lipo katika kanisa la St Mary mjini Warwick. Robert alikufa mwaka 1588. Ambrose alikufa mwaka 1590 bila mtoto.

Robert alikuwa na mwana mwingine, aliyezaliwa nje ya ndoa. Kijana huyo alikwenda mahakamani kudai urithi, akashindwa, akaiacha familia yake akahamia Italia. Huko akaandika kitabu kikubwa cha ramani za bahari zote za dunia. Alikuwa na akili sana, lakini aliishi na kufa ugenini akidai cheo ambacho nchi yake ilimnyima.

Wavulana 8, na hakuna aliyeacha mwana wa ndoa wa kushika cheo cha nyumba ile.

Lakini ngoja. Kulikuwa na binti, aitwaye Mary. Yeye aliolewa na Henry Sidney, rafiki wa karibu wa Mfalme Edward, na ni mikononi mwa Henry huyo kwamba mfalme kijana alikata roho. Mwaka 1562 Malkia Elizabeth aliugua ndui, karibu afe. Mary Sidney alikaa kando ya kitanda chake akimuuguza. Malkia akapona. Mary akaambukizwa, na uso wake uliokuwa mzuri ukaharibika kwa makovu. Mume wake, aliyekuwa safarini, aliandika baadaye kwa uchungu jinsi alivyomwacha mwanamke mzuri na kumkuta amebadilika kabisa.

Hakuna aliyemtafutia Mary kiti chochote. Aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwanawe mkubwa, Philip Sidney, ni mmoja wa washairi wakubwa wa lugha ya Kiingereza. Mwanawe mwingine, Robert Sidney, mwaka 1618 alipewa kile cheo cha mjomba wake, Earl wa Leicester. Na nyumba yao ya Penshurst inakaliwa na ukoo wa Sidney mpaka leo.

Baba alipanga kwa wanawe, na jengo likaanguka. Kilichosimama kilipitia kwa binti aliyehudumu.

7. NARUDI KWA WAZEE

Nilisema tutarudi kwa swali la wazee. Nikuambie ukweli, wewe mshirika wangu.

Usiku ule nilijiuliza: kwa nini moyo wangu ulifurahi walipomtazama mwanangu? Nilitaka kujibu "ni maono". Lakini Roho wa Mungu hakuniachia hilo. Nilifurahi kwa sababu naogopa. Naogopa nikiondoka madhabahuni nitasahauliwa. Naogopa uzee bila mshahara. Naogopa mtu mwingine akija atabadilisha nilichojenga tangu tukisali chini ya mabati matano. Nilitaka mwanangu akae kwenye kiti ili mimi nisiondoke.

Unamkumbuka mama wa wana wa Zebedayo katika Mathayo 20? Alimwendea Yesu kuwaombea wanawe viti viwili, kulia na kushoto. Yesu akawarudishia swali la kikombe. Sisi wazazi tunaona kiti, Bwana anaona kikombe, na anayekinywa ni mtoto. Soma pia 1 Samweli 8. Hata Samweli, mtu wa Mungu tangu utotoni, aliwaweka wanawe kuwa waamuzi, na taifa zima likaumia.

Jumatatu jioni nilimkuta kijana wangu akifungua amplifaya mbovu ya kanisa. Nikakaa kwenye ndoo kando yake. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, anataka nini. Alinyamaza kwa muda, bisibisi mkononi. Kisha akasema, "Baba, mimi napenda kanisa. Lakini sijaitwa kuhubiri. Nimekuwa nikiogopa kukuambia." Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu akiwa kidato cha pili.

Sasa ana miaka 26. Miaka yote hiyo mtoto amebeba kiti changu mgongoni bila kusema.

Wazee wangu mtakaosoma hapa, jibu langu ni hili: kiti si changu, kwa hiyo siwezi kumwachia mtu. Tutafunga, tutaomba, tutafuata katiba ya kanisa, na atakayechaguliwa nitambariki hadharani. Kijana wangu ataendelea kukunja nyaya, na nyaya hizo ni huduma kamili mbele za Mungu.

Na wewe mzazi? Unayemlazimisha binti asomee udaktari kwa sababu wewe ulikosa karo. Unayemtafutia kijana mchumba kwa sababu ukoo ule una mashamba. Unayemsukuma mtoto kwenye siasa ili jina lenu lisife. Usiniambie kwanza ni maono. Uliza kwanza unaogopa nini. Kisha keti chini kando ya mtoto wako, umuulize anataka nini, na unyamaze mpaka ajibu.

Na wewe kijana uliyebebeshwa kiti, usimchukie baba yako. Huenda ndani yake kuna mtoto wa miaka 6 aliyeona jambo baya. Mwombee, kisha mwambie ukweli kwa heshima. Ezekieli 18 inatufundisha kwamba kila mtu anasimama mbele za Mungu kwa maisha yake mwenyewe. Hukumu ya babu si lazima iwe yako, na ndoto ya baba pia si lazima iwe yako.

Tuombe. Baba wa mbinguni, tusamehe sisi wazazi tulioiita hofu yetu kwa jina lako. Waponye watoto wetu na mizigo ambayo hukuwapa wewe. Tufundishe kuketi kwenye kigoda cha huduma, na kuacha viti mikononi mwako. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama ujumbe huu umekugusa, usiishie kuandika Amina hapa chini. Mpigie mwanao simu leo. Jumapili tutaonana, ibada ya kwanza ni saa mbili asubuhi, njooni mapema. Vyombo vya sauti vimeshatengenezwa.